Re: Paneli ya wati 200 na betri ya Ah 100 itabeba friji?
Mkuu friji kwa hiyo paneli moja sahau, taa na TV sawa. Piga hesabu: jua zuri la Moshi linakupa kama masaa 4 mpaka 5 ya nguvu kamili, kwa hiyo kwa siku unavuna labda wati-saa 700 hivi baada ya zinazopotea njiani, na betri ya volti 12 Ah 100 inabeba wati-saa 1200 ila kama ni ya asidi usiinyonye zaidi ya nusu, itakufa mapema. TV ya wati 40 masaa 5 ni 200, taa za LED hazili kitu, sasa friji ipo usiku kucha na kompresa ikianza inavuta mara kadhaa ya wati zake, inveta ndogo (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) inapiga kelele inazima. Halafu Juni Julai unajua mawingu ya huku 😂

Paneli ielekeze kaskazini, iinamishe kidogo tu mvua ioshe vumbi. Fyuzi karibu na betri kabisa, na waya wa kwenda inveta uwe mnene na mfupi, ule mwembamba wanaofunga mafundi wengine unachemka. Ukitaka friji kweli anza na paneli 3 hivi na betri ya lithiamu, pasi ya nguo waachie umeme wa Tanesco.