Kadi za gigabiti 10 na kukopi bado kunasuasua: pima vipande kabla ya kugusa keneli

Mkuu, pole kwa kukesha. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Upo Moshi, una seva mbili za Linux zenye RAM ya GB 64 kila moja, umeziunganisha kwa kadi za gigabiti 10. Ukikopi video kutoka moja kwenda nyingine inaanza na MB 900 kwa sekunde, halafu baada ya sekunde kama 15 inaporomoka hadi 160 na kubaki hapo. Unaomba mistari ya sysctl (setingi za keneli, yaani moyo wa Linux) ya kubandika. Nakuomba usibandike kitu kwanza, maana jibu umeshaliandika mwenyewe.

Hizo sekunde 15 ndizo zinazosema. Linux ikipokea faili haiandiki kwenye diski papo hapo. Inaliweka kwenye RAM, na kwa setingi za kawaida inaacha data isiyoandikwa ifike kama asilimia 20 ya RAM iliyo huru ndipo imkabe anayeandika. Kwako hiyo ni GB 12 au 13 hivi. Data inaingia kwa 900, inatoka kwenda kwenye diski kwa 160, kwa hiyo RAM inajaa kwa 740 kila sekunde. Gawanya mwenyewe, utaangukia pale pale kwenye sekunde zako. Waya wako ni mzima, na keneli ni nzima. Mchawi ni diski inayopokea, na 160 ni kasi ya kawaida kabisa ya diski moja ya sahani inayozunguka. Ukiongeza bafa za TCP (nafasi ya RAM inayoshika data ya mtandao iliyo njiani) hata mara kumi, sahani haitazunguka haraka zaidi.

Nasema kwa uchungu kwa sababu nilipita humo humo. Natunza seva za ofisi ya kuhariri video hapa Arusha, Njiro. Kamera zinarudi kutoka Serengeti na terabaiti moja au zaidi, na lazima bakapu iwe tayari kabla kadi za kamera hazijafutwa asubuhi. Kwa gigabiti 1 tulikuwa tunapata MB 110 kwa sekunde, yaani saa mbili na nusu kwa terabaiti moja. Tukanunua kadi mbili za mtumba za gigabiti 10 na kebo ya kuziunganisha moja kwa moja. Nikabandika setingi za keneli nilizookota mtandaoni, nikazibadilisha wikendi nzima, na kasi haikutikisika.

Jumatatu ndiyo nikaanza kupima kipande kimoja kimoja. Kwanza waya peke yake, kwa iperf3, ambayo inatuma kutoka RAM ya seva moja kwenda RAM ya nyingine bila kugusa diski. Ikatoa gigabiti 3.2. Nikaendesha lspci -vv, amri inayoorodhesha kadi zilizochomekwa, nikatafuta mstari wa LnkSta wa ile kadi, unaoonyesha kasi na idadi ya njia ilizopata: 5GT/s, Width x1. Kadi inahitaji njia nane, na sloti niliyoichomeka ilikuwa ndefu kwa nje lakini ndani ina njia moja tu. Njia moja ya PCIe (aina ya sloti hizo) ya kizazi cha pili ni MB 500 kwa sekunde, na gharama za usafirishaji zikitoka unabaki na hizo hizo 3.2. Nikazima, nikahamisha kadi sloti ya pili, iperf3 ikasoma 9.4. Hiyo ndiyo namba ya waya mzima kwa pakiti za kawaida za baiti 1500. Ukiiona, achana na waya.

Kipande cha pili ni diski, na hapa ndipo kazi yako ilipo. Kwenye seva inayopokea endesha amri hii, inayoandika faili la sifuri tupu: dd if=/dev/zero of=/data/jaribio bs=1M count=40000 oflag=direct (weka njia ya diski yako). Hiyo oflag=direct ndiyo inayoiruka RAM; bila hiyo utasoma kasi ya RAM na kufurahi bure. Kama diski zako zinabana data zenyewe, sifuri zitakudanganya, tumia fio, programu nyingine ya kupima diski. Sisi tulikuwa na diski nne kwenye RAID 10 (kila data inaandikwa kwenye diski mbili), ambayo kwa kuandika inakupa nguvu ya diski mbili, na ikasoma karibu 350. Tukaweka NVMe (diski ya chipu, isiyozunguka na yenye kasi kubwa) moja ya mapokezi: video zinatua pale, halafu usiku zinahamia polepole kwenye diski kubwa. Kwa ofisi ndogo huo ndio uwekezaji ninaouamini kuliko wote.

Cha tatu ni programu ya kukopia. Nilikuwa natumia scp, inayokopi kupitia muunganisho uliosimbwa wa ssh. Fungua top wakati inakopi: kama ssh imekaa kwenye asilimia 100, prosesa imechoka kusimba data, kwa sababu kazi hiyo inafanyika kwenye kiini kimoja tu. Kwa kuwa kebo yetu haitoki nje ya chumba, nikahamia programu ya rsync kwa huduma yake yenyewe isiyopita kwenye ssh, tatu kwa mpigo, kila moja na folda yake. Sasa tunakopi kwa zaidi ya 800, na terabaiti moja haifiki nusu saa. Kwa picha ndogo ndogo maelfu, zifunge kwa tar kwanza ziwe faili moja.

Kuhusu MTU (ukubwa wa juu wa pakiti, kwa baiti) ya 9000 uliyoulizia mwishoni: iache. Faida yake kwako ni kutoka 9.4 kwenda 9.9, na madhara yake niliyaona tulipoweka swichi katikati. Seva zilikuwa 9000, swichi ilibaki 1500. Ping inaitika, ssh inaingia, lakini ukituma faili linaganda kwenye sifuri bila ujumbe wowote wa kosa. Ukilazimika, hakikisha kwanza kwa ping -M do -s 8972. Isipoitika, kuna kifaa njiani hakijakubali.

Bafa zina mahali pake. Ndani ya chumba pakiti inakwenda na kurudi kwa milisekunde 0.2, hivyo kwa gigabiti 10 data iliyo njiani haizidi KB 250, na kwenye keneli nyingi Linux tayari inajiongezea hadi MB 6. Lakini tuna mteja London, na pingi kutoka hapa ni kama milisekunde 170. Kwa laini ya gigabiti 1 hiyo ni MB 21 njiani kwa wakati mmoja. Bafa ya MB 6, hata uihesabu yote, haikuvushi MB 35 kwa sekunde. Hapo niliinua namba ya tatu ya tcp_rmem na ya tcp_wmem (kikomo cha bafa za kupokea na za kutuma) hadi MB 64, na mteja akafanya hivyo hivyo upande wake, maana upande mmoja hautoshi. Nikawasha na BBR, njia ya TCP ya kupanga mwendo wa kutuma, iliyokuja na Linux 4.9 mwaka 2016, kwa sababu CUBIC, njia ya kawaida ya Linux, ikipoteza pakiti moja kwenye safari ndefu inapunguza mwendo na kuchukua muda kuupandisha tena.

Leo jioni pima waya na diski, kisha weka hapa namba ya iperf3, namba ya dd, na mstari wa LnkSta wa kila kadi. Andika pia diski za upande unaopokea ni aina gani na ziko ngapi, tujue kama utahitaji kununua NVMe au kuongeza tu diski ulizonazo.