Protini yako ilikufa kabla ya kufika kwenye kolona

Mwanafunzi, Bukavu: Mwalimu, nilinunua utomvu wa papai uliokaushwa juani, kutoka upande wa Beni. Kwenye kolona ya kubadilishana ayoni (bomba lenye resini, chembe zinazoshika protini kwa chaji) papaini, kimeng'enya cha papai, inatoka vizuri, mlima mmoja mrefu kwenye mchoro, lakini haimeng'enyi kazeini, protini ya maziwa, hata kidogo. Ninunue resini gani?

Usinunue kitu, resini yako imefanya kazi yake. Papaini ina pI (pH ambayo protini haina chaji) ya karibu 8.8, kwa hiyo kwenye bafa (mmumunyo unaoshikilia pH) ya pH 5 inabeba chaji chanya, inashikwa na resini yenye chaji hasi, na inaachia kadiri unavyopandisha chumvi. Hakuna joto wala kiyeyushi; upole zaidi ya huo utaupata wapi?

Tatizo limeanzia juani. Utendaji wote wa papaini unategemea asidi amino moja, sisteini ya nafasi ya 25, na salfa yake huharibiwa na oksijeni. Jaribu kuiamsha: weka sisteini kidogo na EDTA (hushika metali) kwenye bafa, subiri dakika chache, upime tena. Isipoamka, madhara yamepita kiwango cha kurudi na hakuna kolona itakayokusaidia. Safari ijayo zungumza na mkulima mwenyewe: utomvu mbichi, uliotiwa metabisulfiti ya sodiamu (hukinga dhidi ya oksijeni), ukae kivulini na kwenye baridi mpaka ukufikie.

Na upime utendaji katika kila hatua, kuanzia utomvu wenyewe! Kila mara naletewa michoro mizuri ya mwanga wa nanomita 280 isiyo na namba hata moja ya utendaji. Mwanga huo unaona asidi amino za tirosini na triptofani. Kimeng'enya kilichokufa bado kinazo. Inaniuma kuona labo zetu za Kivu zikitafuta pesa za resini ya bei kali wakati friji haina hata betri ya kuishikilia umeme ukikatika.

Jambo moja hukuuliza: vitabu vya zamani vitakuambia usafishe papaini kwa resini ya zebaki. Achana nayo. Mabaki utayamwaga wapi, Ziwa Kivu?

Goma: Tuna mashine yenye kolona ya awamu geuzi (inayotenganisha kwa tabia ya kukwepa maji, kwa kutumia kiyeyushi). Naweza kuitumia kwa kimeng'enya?

Kwa kukitambua, sawa. Kwa kukipata kikiwa kizima, hapana: kiyeyushi chake, asetonitrili, na asidi hukunjua protini nyingi. Ukitaka kutumia tabia yake ya kukwepa maji, chukua resini ya mwingiliano wa haidrofobiki. Ingiza sampuli kwenye sulfati ya amonia ya mola 1 hivi kwa lita, kisha shusha chumvi polepole. Ni kinyume cha kubadilishana ayoni, msichanganye.

Goma tena: Sulfati ya amonia ya duka la mbolea inafaa?

Hapana. Ina uchafu wa metali, na metali ndiyo inayoua vimeng'enya vya sisteini.

Bukavu: Kolona ya kuchuja kwa ukubwa, niweke sampuli kiasi gani?

Asilimia 1 hadi 4 ya ujazo wa kolona. Kuondoa chumvi tu, hadi 30.

Lubumbashi: Dada hapa. Kingamwili zangu zinatoka kwenye kolona ya protini A (inayoshika kingamwili) zikiwa safi, kesho yake bomba limejaa ukungu.

Dada, umeziacha usiku kucha kwenye asidi uliyozitolea, pH 3. Kabla ya kuanza, weka kwenye kila bomba Trisi (bafa) ya mola 1 kwa lita, pH 9, kama sehemu ya kumi ya ujazo utakaokusanya, ili zitue moja kwa moja mahali salama. Jaribu pia kuzitoa kwa pH 3.5 au 4. Nyingine huachia mapema. Usikate tamaa na kazi hii. Dawa ya Ebanga ni kingamwili iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, damu ya kwetu. Nataka mikono itakayosafisha zinazofuata iwe ya kwetu pia.

Wengi: Kwa nini pH ya Trisi inabadilika kwenye chumba cha baridi?

Nimeshajibu hili, nanyi hamsomi. pH ya Trisi hupanda karibu 0.03 kwa kila digrii inayoshuka. Ukiiweka 8.0 kwenye nyuzi 25, kwenye nyuzi 4 ni 8.6, na protini iliyokuwa inapita kwenye kolona sasa inashika. Rekebisha pH kwenye baridi ileile utakayofanyia kazi.