Khalil Mack kwenda Bears, nani alifaidi?

Kaka unasema Raiders, timu ya NFL (ligi ya futiboli ya Kimarekani), waliibiwa mchana kweupe walipomuachia mlinzi wao nyota Khalil Mack aende Chicago Bears 2018, mi sikubali kirahisi. Bears walitoa piki mbili za raundi ya kwanza, yaani zamu za kuchagua wachezaji chipukizi wanaoingia ligi, ya 2019 na ya 2020, halafu bado wakampa jamaa mkataba wa miaka 6 wa dola milioni 141, yaani umelipa mara mbili, na hizo piki ndo zinakuletea vijana wa mshahara mdogo wanaokusaidia kumlipa staa bila kugonga kikomo cha mishahara ambacho ligi inaiwekea kila timu, hapo ndo watu wengi wanapasahau. Msimu wa kwanza raha tupu, ushindi 12 na vipigo 4, na ubingwa wa kundi lao la NFC North, Mack alikuwa moto kweli. Lakini hawakushinda hata mechi moja ya mtoano akiwa pale, 2022 wakampeleka timu ya Chargers. Raiders nao kwa piki ya 2019 wakampata Josh Jacobs, mkimbiaji na mpira, mtu wa kazi, ila kwa piki ya 2020 wakamchukua beki Damon Arnette na mwaka uliofuata wakamtema. Mi tredi (mabadilishano) kama ile naifanya kama tayari nina kwotabeki wa uhakika, yule mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, na Bears hawakuwa naye.