Muulize Mama Mswada: Wino mwekundu, kurasa 118 na ubeti uliokatwa

Mwezi huu karibu barua zote zimetoka upande mmoja: watu wanaojitolea kuwasaidia vijana kutoa kitabu cha pamoja, na vijana wenyewe wanaosaidiwa. Kazi hiyo naijua. Nimeifanya bila malipo kwa vitabu sita, na kabla ya hapo nilikuwa mhariri wa mshahara. Ile ya mshahara ilikuwa rahisi zaidi.

*Salaam Mama Mswada. Mimi ni mwalimu mstaafu. Najitolea kwenye kundi la vijana wa miaka 13 hadi 18 wanaoandaa mkusanyiko wa hadithi fupi. Binti mmoja nilimrudishia hadithi yake nikiwa nimesahihisha kila kosa kwa wino mwekundu, kurasa zote sita. Akasema asante, akazikunja, na tangu siku hiyo haonekani. Sikumkemea, sikumdharau. Nimekosea wapi?*
*Mwalimu wa Wino Mwekundu*

Mwalimu, wewe hukumkemea. Wino ulikusaidia.

Miaka yote ulisahihisha insha, na kwenye insha mwalimu ndiye anayejua inavyotakiwa kuwa. Hadithi imegeuza meza. Anayejua inavyotakiwa kuwa ni yule binti, hata kama bado hajui kwamba anajua, na wewe ni msomaji wake wa kwanza mwenye subira. Ukimrudishia kurasa sita nyekundu, anachosoma ni kwamba hakuna mstari hata mmoja uliopona.

Nikuambie langu. Mvulana wa miaka 14 aliandika: "Baba alinyamaza kwa sauti kubwa." Nikakata "kwa sauti kubwa", nikaandika "kabisa". Baba alinyamaza kabisa. Kiswahili safi, na mimi nikajiona nimemwokoa na aibu. Siku ya uzinduzi akasimama kusoma, kitabu kikiwa wazi mkononi. Alipoifikia sentensi ile aliinua macho kutoka kwenye ukurasa akaisema kama alivyoiandika yeye. Ukumbi mzima uliguna. Nyuma yangu kulikuwa na maboksi yenye nakala 300, na kila nakala ilikuwa na "kabisa" yangu. Hakuniangalia, wala hajawahi kulitaja jambo hilo. Tangu hapo natumia penseli.

Sasa kazi yenyewe. Mswada wa kijana usomwe mara tatu, na usichanganye mara hizo. Mara ya kwanza unasoma huku mikono iko mapajani. Unatafuta umbo: hadithi inaanzia wapi hasa (kwa vijana wengi inaanza ukurasa wa pili, baada ya mhusika kuamka, kuoga na kuvaa), nani anataka nini, na ni wapi ulipotea. Usiguse tahajia. Kuna faida gani ya kunyoosha herufi za aya ambayo mwenyewe ataifuta wiki ijayo? Mara ya pili ni sentensi. Mara ya tatu ndiyo herufi, nukta na mkato.

Katika mara mbili za kwanza, andika maswali, usiandike hukumu. "Haieleweki" ni hukumu. "Mama alipofunga mlango, msichana alikuwa ndani au nje?" ni swali, na mwandishi akilisoma anashika kalamu mwenyewe. Maswali matatu kwa hadithi yanatosha. Ukiwa na kumi na moja, chagua matatu makubwa; mengine mengi yatajifia yenyewe hayo yakijibiwa. Na kabla ya maswali, mwambie sentensi gani ilibaki kichwani mwako ulipokuwa unaosha vyombo. Taja sentensi yenyewe. "Umeandika vizuri" haimsaidii mtu.

Kuna vitu utavirekebisha bila kuomba ruhusa. "Apa" ni hapa, "zambi" ni dhambi, "kwaajili" ni maneno mawili, na anayekusudia kula asiandike "kura". Lakini hata hivyo, tazama kwanza ni nani anasema. Neno likiwa mdomoni mwa bibi wa kwenye hadithi, huenda bibi ndivyo anavyosema. Uliza.

Kwa binti yako, andika barua ya mkono, nusu ukurasa. Mweleze kwamba ulisahihisha kama mwalimu na sasa unataka kusoma kama msomaji. Mtajie sentensi yake moja. Mwombe nakala safi, kwa sababu ile yenye wino mwekundu hamtaihitaji tena. Huenda asirudi. Barua mpelekee hivyo hivyo.

*Shikamoo Mama Mswada. Nina miaka 16. Mama mmoja anayejitolea kwenye kitabu chetu amesema shairi langu halina vina wala mizani, na ameukata ubeti wa mwisho. Mimi niliandika shairi huru. Je, anaruhusiwa?*
*Mshairi Aliyekatwa*

Marahaba mwanangu. Kukushauri anaruhusiwa. Kukata bila wewe kukubali, haruhusiwi, na wala si suala la adabu tu. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao ndio mama wa sheria nyingi za hakimiliki duniani, uliongezewa kifungu cha 6bis mwaka 1928. Kifungu hicho kinampa mtunzi haki ya kutambuliwa kwamba kazi ni yake, na haki ya kupinga kupotoshwa au kukatwakatwa kwa kazi hiyo kwa namna inayoharibu heshima yake. Hakikutaja umri. Kwa hiyo nenda kwake kwa upole, mwambie, "Mama, naomba ubeti wangu urudi, kisha tuuzungumze." Usianze na Berne. Berne iweke mfukoni.

Kuhusu vina, nina swali moja, na usinikasirikie: shairi lako ni huru kwa kupenda kwako au lilichoropoka? Kama beti tatu za kwanza zimeshika mizani nane kwa nane na vina vinaitikiana, halafu wa nne ukaachia, msomaji hatasema huyu ni mshairi huru. Atasema amechoka. Wafundi wa fani wana neno lao la zamani, guni, yaani shairi lenye kasoro ya vina au mizani, na si sifa. Lakini kama tangu mshororo wa kwanza hukufungwa na vina, basi vina si kipimo chako. Kipimo ni pumzi. Lisome kwa sauti, urekodi kwenye simu, usikilize ni wapi umekata mshororo na ni wapi sauti yako ilitaka kukata. Pasipolingana, hapo pana kazi.

Na sasa ubeti wa mwisho. Sijauona, lakini nimeona ndugu zake wengi. Mshairi kijana humaliza shairi, kisha anaingiwa na hofu kwamba hatukuelewa, anaongeza ubeti wa kutueleza. Ufunike kwa karatasi siku tatu. Siku ya nne soma shairi bila huo. Kama umeuona upungufu, ubeti ubaki na mimi nitakuwa upande wako. Kama hukuuona, utakuwa umeukata wewe, na hilo ni tofauti kabisa.

Jambo dogo ambalo hukuuliza: mshororo unaotosha kwenye kioo cha kompyuta unaweza kuvunjika katikati kwenye ukurasa wa A5, ambao upana wake wote, pambizo zikiwemo, ni milimita 148. Omba uone ukurasa wako uliopangwa kabla haujaenda kiwandani.

*Mama Mswada, mpangaji wetu wa kurasa amefikia kurasa 118. Mchapaji anasema idadi hiyo ni mbaya. Ubaya wake nini? Jalada tumeshamaliza.*
*Mratibu Aliyekonda*

Chukua karatasi moja, ikunje mara moja: kurasa nne. Ikunje tena: nane. Mara ya tatu: kumi na sita. Vitabu vingi vya kiwandani huzaliwa hivyo, karatasi kubwa ikachapwa pande zote mbili, ikakunjwa, ikakatwa. Sasa gawanya 118 kwa 16, kwa 8, hata kwa 4. Inagoma. Mchapaji atalazimika kukupa karatasi tupu mwishoni na utazilipia kama zilizoandikwa.

Una njia tatu. Kurasa 112 ni mikunjo saba kamili ya kurasa 16, lakini itabidi utoe kurasa sita, na kurasa sita ni hadithi ya mtoto wa mtu. Usifanye. Wala usipunguze herufi hadi pointi 9 ili zienee. Wasomaji wenye miwani tutakulaani. Kurasa 128 ni mikunjo minane, na utahitaji kurasa kumi za kujaza, na ukijaza kwa kulazimisha itaonekana. Mimi ningekwenda 120: mikunjo saba ya 16 na mmoja wa 8. Umebakiwa na kurasa mbili tu. Waandishi wajitambulishe humo kwa mistari miwili miwili, au ziache tupu, kitabu kipumue. Kama mchapaji wako anatumia mashine ya kidijitali na kubandika kurasa kwa gundi, huenda hesabu hii isimsumbue, mradi idadi isiwe witiri. Muulize anatumia nini kabla hujakonda zaidi.

Jalada mnadhani mmelimaliza. Unene wa mgongo wa kitabu unatokana na idadi ya kurasa na unene wa karatasi, na vyote viwili vilikuwa havijajulikana mlipolichora. Lifungueni tena. Mkiwa humo, hakikisheni rangi ya pembeni imevuka mstari wa kukatia kwa milimita 3, la sivyo kisu kikiteleza kidogo kitabu kitabaki na ukingo mweupe. Na mchoro wa jalada usiwe ule mliotumiana kwenye simu. Ili ujae ukurasa wa A5 kwa nukta 300 kwa inchi, unahitaji pikseli 1748 kwa 2480. Kwenye simu unapendeza, kwenye karatasi unakuwa kama umechorwa kwa vigae. Mtafuteni mchoraji mwenyewe, mchoro muupige picha upya au muuskani kutoka kwenye karatasi yake.

Prufu ya mwisho, yaani nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, apewe mtu ambaye hajawahi kuona mswada. Ninyi mmeshausoma mara nyingi mno, macho yenu yanasoma kile mnachokumbuka. Halafu kila kijana atie saini mbele ya jina lake mara tatu: kwenye Yaliyomo, juu ya kazi yake, na kwenye ukurasa wa wasifu. Nimeshakaa usiku mzima na wenzangu tukibandika vikaratasi vya masahihisho kwenye maboksi ya vitabu, kwa herufi moja ya jina la binti mmoja. Na bado alilia.

*Bi Mhariri, mwanangu ana miaka 15 na hadithi yake imechaguliwa. Nimeletewa fomu nisaini kwamba "anakabidhi haki zote". Pia wamesema wamechukua ISBN kwa hiyo hakimiliki imeshalindwa. Nisaini?*
*Mzazi Mwenye Kalamu Mkononi*

Iweke chini kwanza. Sidhani kama wana nia mbaya. Watu wanaojitolea wakihitaji fomu huchukua ya kampuni fulani, wanabadilisha jina juu, basi.

Waombe waandike kwamba mwanao anatoa ruhusa ya hadithi kuchapishwa kwenye mkusanyiko huu, na kwamba anabaki huru kuichapisha kwingine. Waandike atapata nakala ngapi, fedha zikipatikana zinakwenda wapi, jina na picha yake vitatumikaje, na hadi tarehe gani anaweza kujitoa. Kisha msome pamoja naye, naye asaini chini yako. Sheria ya nchi yenu inaweza kutaka saini yako peke yake, lakini hadithi si yako.

ISBN ni kitambulisho cha toleo, tarakimu 13 tangu mwaka 2007, huanza na 978 au 979, ili wauza vitabu na maktaba wajue wanazungumzia kitabu kipi. Hailindi chochote. Kinachomlinda mwanao ni hakimiliki, na kwa mujibu wa Berne aliipata alipoandika hadithi, bila kusajili popote, nayo hudumu si chini ya miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Ana miaka 15. Fanya hesabu, uone fomu ile ilikuwa inaomba nini.

*Mama Mswada, nimejitolea miezi minane kuhariri kitabu cha vijana. Je, si haki jina langu likae kwenye jalada?*
*Mwenye Haya Kidogo*

Uchovu wako nauelewa, lakini hapana. Jalada liachie vijana. Wewe utawekwa kwenye ukurasa wa shukrani, katikati ya mchoraji na aliyetuazima chumba. Hakikisha tu mtu mwingine anausoma ukurasa huo. Kwenye kitabu changu cha nne wanamshukuru "Mama Msada", na prufu niliisoma mimi.