Gia Inakwaruza Asubuhi, Gari Ikipata Moto Inatulia

SWALI: Fundi habari za kazi. Gari yangu ni manyuali, asubuhi nikiwasha na kuondoka, kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili inalia krrrr alafu stiki inakuwa ngumu kama kuna mtu anairudisha, ila nikitembea dakika kumi hivi inaingia laini kabisa. Fundi wangu anasema giaboksi imekufa nitafute nyingine. Ni kweli?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Usinunue giaboksi kwanza, tafadhali. Giaboksi iliyokufa haiponi yenyewe baada ya dakika kumi.

Humo ndani kuna ringi za sinkro, mara nyingi za shaba, kazi yake ni kubana koni ya gia mpaka gia na shafti vizunguke mwendo mmoja, ndo meno yaingiane. Asubuhi oili ni nzito, ringi ikibana inakuta utando wa oili haujatoka, inateleza, na wewe mkono ushasukuma, ndo hiyo krrrr. Gia ya pili inaumia zaidi kwasababu tofauti ya mwendo kati ya ya kwanza na ya pili ni kubwa kuliko huko juu, kwahiyo sinkro yake inafanya kazi ngumu na inaisha mapema.

Ila kabla ya kuisingizia sinkro pima klachi, maana hapa watu wengi wanafungua giaboksi bure. Gari ikiwa ya baridi, washa, iko frii, kanyaga klachi mpaka mwisho, hesabu mpaka tano taratibu, weka rivasi. Kama bado inakwaruza basi klachi haiachii vizuri, angalia kebo, au kama ni ya haidroliki angalia fluidi, hewa kwenye mfumo na zile silinda mbili, ya juu na ya chini. Ikiingia kimya, klachi iko poa, rudi kwenye oili.

Na oili hapa ndo penyewe. Fungua kitabu cha gari uone imeandikwa nini, daraja la oili ni GL-4 au GL-5, uzito wake 75W-90 au nyepesi zaidi, maana kuna giaboksi za manyuali zinatumia mpaka ATF, ile oili ya giaboksi za otomatiki. Mtu akikuwekea GL-5, ambayo mara nyingi ni oili ya difu, kwenye giaboksi iliyoandikiwa GL-4 inakuwa na utelezi mwingi sana kwa sinkro, na dawa zake zingine zinaweza kula shaba. Inauma kuona mtu anabadilisha giaboksi nzima wakati tatizo lilikuwa oili ya difu. Mkimwaga ya zamani iangalieni: unga laini wa shaba maana yake ringi zinalika, vipande vya chuma hapo ndo fundi wako atakuwa na hoja.

Wakati huo usilazimishe stiki. Kilomita za kwanza endesha resi ndogo, ukitoka ya kwanza pumzika kidogo kwenye frii ndo usukume ya pili. Kuiacha inaunguruma imesimama nusu saa hakusaidii sana, giaboksi inapata moto kwa kutembea.

SWALI: Mi yangu ni otomatiki, asubuhi nikiweka D inagonga du! Mchana haigongi. Niogope?

JIBU: Dada, injini ikiwa ya baridi sailensa, yaani resi ya injini bila kukanyaga mafuta, inakuwa juu, inaweza kufika mizunguko 1,200 kwa dakika au zaidi wakati ikiwa moto inakaa kwenye 700 au 800 hivi, sasa ukiweka D kwenye resi hizo lazima igonge. Subiri mshale wa resi ushuke ndo uweke, mguu uko kwenye breki. Kama umeshuka na bado inagonga kagua maunti za injini, ile mipira inayoishikilia. Ila ikichelewa, yaani umeweka D gari imekaa sekunde kadhaa ndo inashtuka, usiendelee kuitembeza hivyo, pima ATF siku hiyohiyo kwa namna kitabu chako kinavyosema, nyingi zinapimwa injini ikiwa inawaka na oili imepata moto.