Kiyoyozi kikichoka: fundi au dukani?

Swali: Nina kiyoyozi cha ukutani cha BTU 12,000, kilifungwa mwaka 2014, gesi yake R22. Mwaka huu pekee kimejazwa gesi mara tatu. Wiki iliyopita mashine ya nje ilianza kunguruma sekunde chache kisha inanyamaza, na ndani unatoka upepo wa feni tu. Fundi anasema kompresa imekufa, anataka Sh 480,000 pamoja na gesi. Kipya cha inverta (ambacho kompresa yake hubadilisha mwendo badala ya kuwaka na kuzima), ukubwa huohuo, nimepewa bei ya Sh 1,150,000 pamoja na kufungwa. Nitengeneze au ninunue?
*Bi. M.S., Tanga*

Jibu: Kabla ya kuizika hiyo kompresa, Bi. M.S., muulize fundi kama amepima kapasita, kile kifaa kidogo kinachoipa kompresa msukumo wa kuanza. Kunguruma, kunyamaza, kisha kujaribu tena baada ya dakika chache ni dalili ya kapasita iliyochoka vilevile. Kompresa inataka kuanza, haipati msukumo, inavuta umeme mwingi, na kinga ya joto inaikata. Kapasita ina namba yake ubavuni. Ikiwa imeandikwa mikrofaradi 35 na mita inasoma chini ya 33, ibadilishwe. Bei yake haifiki hata karibu na ya kompresa. Usiiguse mwenyewe: inashika chaji hata umeme ukishazimwa.

Kapasita ikiwa nzima, kompresa ipoe kwanza saa mbili au tatu, maana kinga ya ndani ikiwa bado imekata, mita itadanganya kwamba waya umekatika. Halafu zipimwe pini tatu za kompresa: C (ya pamoja), R (ya kuzungusha) na S (ya kuanzisha). Kipimo cha R kwa S kilingane na jumla ya C kwa R na C kwa S. Pini yoyote ikisomana na ganda la chuma la kompresa, imeungua, hakuna ubishi tena.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni zile safari tatu za gesi. Gesi haiishi kwa kutumika. Inazunguka humohumo miaka yote. Ikipungua, imevuja, na aliyejaza bila kutafuta tundu amekuuzia hewa. Tena kompresa hupozwa na gesi inayorudi kutoka ndani, kwa hiyo gesi ikipungua inachemka. Kama yako kweli imekufa, huenda uvujaji ndio ulioiua, na mpya itafuata njia hiyohiyo.

Basi fundi atafute alama za mafuta kwenye nati za mabomba ya shaba na apake povu la sabuni. Asipoona kitu, ajaze naitrojeni, afunge, na geji isomwe kesho yake. Tundu likiwa kwenye nati, ni kazi ndogo. Likiwa kwenye koili (yale mabomba yaliyojikunja yenye mapezi), na hasa koili ya nje ambayo upepo wa chumvi wa pwani umeshakula mapezi yake ya alumini, usitie hela hapo. Utaziba leo, patoboke kando.

R22 nayo inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal, ya kulinda tabaka la ozoni: nchi zinazoendelea zinatakiwa ziwe zimepunguza kwa asilimia 97.5 ifikapo 2030. Atakayekwambia aweke gesi nyingine, R410A, kwenye mashine hiyohiyo mkatalie. Presha yake ni kubwa zaidi kwa takriban asilimia 60, na mafuta ya kompresa ni ya aina nyingine.

Kwa hiyo: ikiwa ni kapasita na nati, tengeneza. Ikiwa ni kompresa au koili, nunua. Piga hesabu hivi: cha zamani kinavuta karibu kilowati 1.2 kompresa ikizunguka. Ukiwasha kwa muda wa saa nane kila usiku, na kwa kuwa kompresa hupumzika mara kwa mara, ni kama uniti 6 au 7. Inverta kwa chumba kilekile inaweza kutumia 3 au 4. Ukiokoa uniti 90 kwa mwezi, kwa Sh 350 kila uniti, ni Sh 31,500. Tofauti ya Sh 670,000 inarudi kwa miezi 21 hivi, kama unawasha kila usiku. Ukiwasha wikiendi tu, hesabu hiyo haisimami.

Ukinunua, dai mabomba mapya ya shaba, na fundi aje na pampu ya vakyumu, ya kunyonya hewa yote mabombani. Anayetoa hewa kwa kupuliza gesi kidogo anaacha unyevu ndani.

Swali: Kiyoyozi changu cha inverta cha miaka minne, gesi R410A, kimegoma baada ya stima kupotea na kurudi. Kinaonyesha kodi ya hitilafu. Nimeambiwa bodi ya elektroniki ya mashine ya nje imeungua, na bei ni karibu nusu ya mashine mpya.
*K.A., Mombasa*

Jibu: Tengeneza, ila si kwa bei hiyo bila kuuliza kwingine. Stima ikirudi na volti za juu, mara nyingi kinachopasuka ni fyuzi na varista (kipande kinachomeza volti zikizidi) pale umeme unapoingilia, na fundi wa elektroniki huvibadilisha bila kugusa bodi nzima. Andika ile kodi kabla ya kuzima. Kama ni ya mawasiliano kati ya mashine mbili, kagua kwanza waya wa ishara na maungio yake. Fungua na kifuniko cha nje: mjusi kafiri mmoja aliyekaukia kwenye bodi anatosha kuisimamisha. Baadaye funga kinga ya volti ya viyoyozi, yenye kuchelewesha umeme dakika 3 hadi 5.

Swali: Cha kwangu kinadondosha maji ukutani. Kimezeeka?
*J., Bagamoyo*

Jibu: Hapana. Bomba la maji machafu limezibwa na utelezi, au filta imejaa vumbi, koili ikaganda barafu na sasa inayeyuka. Osha filta, uvute uchafu ulio ndani ya bomba kwa mashine ya kufyonza kutokea upande wa nje. Barafu ikirudi na filta ni safi, soma jibu la Bi. M.S. hapo juu, kuanzia kwenye gesi.