Kama shamba lako lina kiduha, soma hii kabla hujalima tena

Ndugu zangu mnaolima mahindi na mtama huku Kanda ya Ziwa, leo nataka tuongelee kiduha, lile gugu la maua ya zambarau linalopendeza machoni kumbe huko chini limeng'ang'ania mizizi ya mahindi linanyonya. Majirani zangu Wajaluo hapa Rorya wanaliita kayongo. Unapalilia, unang'oa, msimu ukirudi nalo limerudi, kwasababu mmea mmoja tu unamwaga mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi, zinakaa ardhini hata miaka 15 zinasubiri mzizi wa nafaka upite karibu ndo ziote. Siku unaliona limechomoza juu ujue limeshakula chakula cha mahindi yako wiki kadhaa. Ndo maana kung'oa peke yake hakumalizi.

Mimi kilichonisaidia ni kilimo cha vuta-sukuma. Kilifanyiwa kazi Kenya pale Mbita, ng'ambo tu ya mpaka kwenye ziwa hili hili, na watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted cha Uingereza, miaka ya 1990, na mwanzoni shida waliyokuwa wanaihangaikia ilikuwa bungua wa mabua, yule kiwavi wa nondo anayetoboa mashina ya mahindi, habari ya kiduha waligundua baadae.

Iko hivi. Katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, ni jamii ya kunde inayotambaa, harufu yake nondo wa bungua hawaitaki kabisa, hiyo ndo sukuma. Kuzunguka shamba unapanda majani ya tembo au brakiaria, hayo nondo wanayapenda kuliko mahindi, wanaenda kutaga huko, na kiwavi akijaribu kutoboa shina la majani ya tembo linatoa utomvu unaonata na wengi wanafia humo, hiyo ndo vuta. Sasa kwenye kiduha kazi iko kwenye mizizi ya desmodiamu. Inatoa kemikali ambazo zinaiamsha mbegu ya kiduha iote halafu hapohapo zinakizuia kimzizi chake kisifike kwenye mahindi, kwa hiyo kinaota kinakufa, na kila msimu akiba ya mbegu ardhini inapungua. Hakuna dawa ya kupuliza wala nini. Juu yake desmodiamu inavuta naitrojeni kutoka hewani, inafunika udongo jua lisiupige na mvua kubwa isiubebe. Na hata viwavijeshi vamizi waliotuvamia kuanzia 2017, utafiti wa icipe ulikuta wanapungua zaidi ya asilimia 80 kwenye mashamba ya aina hii, nami kwangu naona tofauti na shamba la mahindi matupu.

Ukianza, anza na kipande kidogo, robo heka inatosha. Usianze na shamba zima hata kama umefurahi, maana msimu wa kwanza una kazi jamani, mbegu ya desmodiamu ni ndogo sana na mche wake ukiwa mchanga unafanana na magugu, kibarua asiyeujua ataupalilia wote uishe. Palilia mwenyewe au kaa naye palepale. Palizi ya kwanza ifanyike wiki ya tatu hivi, ya pili ya tano, kwa mkono pale karibu na mstari. Mbegu changanya na mchanga mkavu laini ndo umwage kwenye mfereji, usifukie sana. Mahindi acha mistari yako ya kawaida ya sentimeta 75, na maharage unaweza kuyatia kwenye mstari wa mahindi, yasikupite. Majani ya pembeni weka mistari mitatu, uache mita moja kutoka kwenye mahindi. Kwa maeneo yenye ukame chagua desmodiamu ya majani ya kijani na brakiaria, zinavumilia jua kuliko ile desmodiamu ya majani yenye mstari mweupe na majani ya tembo.

Msimu wa pili ndo raha inaanza. Hulimi tena shamba zima, unaikata desmodiamu inarudi chini, unapanda mahindi katikati. Ikipanda sana juu ya mahindi ikate tena umpe ng'ombe. Majani ya pembeni unaanza kukata mstari wa ndani ulio karibu na mahindi, ya nje yabaki marefu ili nondo wawe na pa kwenda muda wote.

Sasa yale ambayo bwana shamba anayapitia harakaharaka. Kwanza ardhi. Hii mimea inakaa miaka, usiipande kwenye shamba la kukodi mwaka kwa mwaka, mwenye shamba akiona limenona atalitaka. Na kina mama wenzangu mnaolima ardhi ya familia, ongea na mume na wakwe kabla ya kupanda, waelewe kwamba kipande hiki hakitalimwa na plau tena, kwasababu plau ikipita mara moja tu desmodiamu yote imeondoka.

Pili mifugo, na hili ndo linaumiza watu wengi huku Mara. Sisi tumezoea baada ya kuvuna mifugo inaachiwa mashambani, na kiangazi chote kimekauka ila kipande chako cha kijani kinaonekana toka mbali, ng'ombe wa kijiji kizima watakuja hapo. Mimi nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na wazee mapema kabla ya mavuno, nikawaonyesha, nikazungushia na miiba, na majirani wawili nikawaahidi vipande vya desmodiamu vya kupanda kwao. Aliyepewa mbegu naye analinda.

Tatu, usiifuate hii kama huna mfugo wala mtu wa kumuuzia majani. Nguvu yake kubwa iko kwenye maziwa na samadi, mbuzi wa maziwa wawili watatu wanatosha, majani yanaingia bandani, samadi inarudi shambani. Bila hiyo utachoka kukata tu.

Mbegu ni ghali na mara nyingi haipatikani madukani, hiyo isikurudishe nyuma. Tafuta mkulima aliyenayo, muombe vipande vya shina vilivyokomaa, kata vyenye vifundo viwili au vitatu, fukia kifundo kimoja kwenye udongo wenye unyevu mvua zikishakolea, usisubiri ziishe. Kwahiyo kama unalenga masika, nenda kaongee naye sasa hivi ili akuachie asikate yote kulisha ng'ombe.